Mbwa Anayekubali Kushikwa: Mwongozo Kamili wa Kumwondolea Mbwa Woga na Kumzoesha Huduma

Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, katika mitaa mingi ya Moshi na Arusha, mbwa wenye woga hutambulika kabla hata hawajaifikia meza ya mchanjaji. Yuko anayeburutwa kwa mnyororo huku makucha yake yakichora mistari vumbini, yuko aliyefungwa mdomo kwa kamba ya katani, yuko aliyeletwa ndani ya gunia, na yuko yule ambaye hakuletwa kabisa kwa sababu alipoiona kamba alikimbilia kwenye migomba na hakutoka hadi jua lilipozama. Huyu wa mwisho ndiye anayenihuzunisha kuliko wote, kwa kuwa yeye amebaki bila kinga, na watoto wanaocheza naye uani wamebaki katika hatari ileile.

Mimi mwenyewe nimewahi kuwa miongoni mwa wanaoburuta. Mwaka mmoja nilimgandamiza mbwa wangu, Simba, kwa goti begani ili achomwe sindano, na kazi ilikwisha kwa muda mfupi sana. Lakini baada ya siku ile Simba aliacha kunisogelea kila niliposhika kitu chochote mkononi, hata kama ni ufagio au sufuria ya chakula chake, na ilinichukua miezi mingi kurudisha imani niliyoipoteza asubuhi moja. Niliyojifunza katika miezi hiyo ndiyo ninayoyaeleza hapa, kwa ajili ya mbwa wa kwetu anayelinda boma, anayelala kibandani au chini ya gari, anayekula ugali na makombo, na ambaye pengine hajawahi kuingia sebuleni. Msingi wake ni mmoja: mbwa aliyepewa njia ya kusema "nimekubali" na "bado" hukubali mara nyingi kuliko yule anayelazimishwa, na akishakubali kwa hiari yake hahitaji kushikwa na watu wanne.

Woga unatoka wapi

Mtoto wa mbwa ana kipindi kifupi cha kuuzoea ulimwengu, kinachoanza akiwa na umri wa wiki tatu hivi na kuelekea kufunga kati ya wiki ya 12 na ya 14. Watu, sauti na mikono aliyokutana nayo kwa amani ndani ya kipindi hicho huwa sehemu ya maisha yake, na yale ambayo hakuyaona kabisa huenda akayatilia shaka hadi uzeeni. Mbwa wetu wengi huupitisha muda huo nyuma ya nyumba, wakimwona mtu mmoja tu anayeleta chakula, kisha hupelekwa kwa mwenye nyumba mpya na kufungwa mnyororo mchana kutwa ili "wawe wakali". Ukali unaopatikana kwa njia hiyo mara nyingi ni woga uliokosa pa kukimbilia, kwa sababu mbwa aliyefungwa hawezi kuondoka anapotishika, na kinachobaki kumsaidia ni meno yake.

Baada ya hapo mkono wa binadamu humfikia kwa nadra, na kila unapomfikia huleta jambo baya: dawa ya kupe yenye harufu kali, sindano, au kamba. Wahenga walisema kwamba mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na sijui maneno mengine yanayoeleza vizuri zaidi namna woga wa mbwa unavyotambaa. Aliyeumizwa na mtu mwenye buti za mpira huanza kumkwepa kila mwenye buti za mpira, kisha kila mgeni, kisha hata ile kona ya uwanja alipofungwa siku ile.

Upo pia ukaidi ambao chanzo chake ni maumivu. Mbwa ambaye sikio lake limejaa kupe na usaha, ambaye ana jino bovu, au ambaye kucha ya ndani ya mguu imejikunja na kuingia nyamani, ana haki ya kuukataa mkono. Kwa hiyo, ikiwa mbwa aliyekuwa akikubali kuguswa ameanza kukataa, mwone kwanza daktari wa mifugo, kwa kuwa hakuna mafunzo yanayoponya kidonda. Usimpe dawa za maumivu za binadamu, hasa ibuprofeni na diklofenaki, kwani zinaweza kumchimba vidonda tumboni na kumharibu figo.

Kuna hali moja ambayo mwongozo huu hauihusu hata kidogo. Mbwa anayebadilika ghafla, akawa mkali bila sababu au akawa mpole kupita desturi yake, anayedondosha mate, anayeshindwa kumeza, anayeyumba au ambaye sauti yake imebadilika, anaweza kuwa na kichaa. Huyo hafundishwi wala haguswi. Anatengwa bila kumsogelea, na afisa mifugo wa kata anaarifiwa mara moja. Mtu aliyeumwa au kukwaruzwa na mbwa wa namna hiyo aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo hata kama jeraha ni dogo, kwa maana dalili zikishaanza kwa binadamu ugonjwa huu huua karibu kila mara, ilhali chanjo inayowahi kutolewa huuzuia.

Kuisoma lugha ya mwili

Watu wengi husema mbwa wao "aliuma ghafla". Ni mara chache mbwa huuma ghafla. Mara nyingi amesema kwanza, tena kwa muda mrefu, lakini hakuna aliyemsikiliza. Huanza kwa kugeuza kichwa pembeni, kujilamba pua ilhali hakuna chakula, kupiga miayo ilhali hana usingizi, au kuinua mguu mmoja wa mbele. Kisha masikio hulala nyuma, mkia huingia katikati ya miguu, na weupe wa jicho huonekana pembeni kwa sababu anakutazama bila kugeuza kichwa. Kituo kinachofuata ni kuganda: mwili unakuwa mgumu kama gogo, mdomo unafungwa, pumzi inakatika. Wengi hudhani kwamba mbwa aliyeganda ametulia, na hapo ndipo mkono unapoumwa. Kunguruma na kuonyesha meno huja baadaye.

Naomba msomaji asimpige mbwa kwa sababu ya kunguruma. Mngurumo ni onyo, na mbwa aliyefundishwa kwa fimbo kunyamaza hubaki na woga uleule bila onyo, jambo ambalo ni la hatari kubwa zaidi kwa watoto wa nyumba. Akinguruma, ondoa mkono, rudi nyuma hatua moja, na ujue kwamba umekwenda haraka mno.

Vifaa, mahali na mtu

Chakula cha kufundishia kiwe kitu anachokipenda kuliko ugali wake wa kila siku. Dagaa wakavu wanafaa sana, kwa sababu ni wadogo na bei yake inavumilika. Mapafu au maini yaliyochemshwa na kukatwa vipande vya ukubwa wa punje ya harage yanafaa zaidi kwa kazi ngumu. Epuka chokoleti, zabibu na chakula kilichoungwa kwa vitunguu, kwani vyote ni sumu kwa mbwa. Wapo wasomaji ambao kwa sababu za dini hawapendi kuguswa na mate ya mbwa, na kwao kazi hii inawezekana kabisa: chakula kinarushwa chini mbele ya miguu ya mbwa, au kinatolewa kwa kijiko kirefu cha mti.

Mahali pawe pale ambapo mbwa hajawahi kuumizwa. Kama kuogeshwa na kuchomwa sindano kulifanyika karibu na bomba, anzia upande mwingine wa boma. Afunguliwe mnyororo, lango lifungwe, na kuku wawekwe mbali. Wakati mzuri ni jioni kabla ya chakula chake, anapokuwa na hamu ya kula. Hilo halina maana ya kumshindisha njaa. Dakika tatu hadi tano zinatosha, mara moja au mbili kwa siku, na ni heri kuacha yeye akiwa bado anataka kuendelea.

Mfundishaji awe mtu ambaye mbwa anamwamini tayari, na katika nyumba nyingi mtu huyo si mwenye nyumba bali ni mlinzi au kijana anayemlisha. Kiburi kisiharibu kazi. Mwenye nyumba na aketi pembeni, amwachie anayelisha aanze, kisha aingie taratibu. Watoto wadogo wasishiriki katika kumgusa mbwa mwenye woga. Wanaweza kuhesabu dagaa wakiwa upande wa pili wa dirisha.

Hatua ya kwanza: mkono utangulie, chakula kifuate

Mwanasayansi wa Urusi, Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904, alionyesha kwamba mbwa anayesikia ishara fulani kila mara kabla ya kulishwa huanza kudondosha mate kwa ishara peke yake. Mwaka 1924, nchini Marekani, Mary Cover Jones alieleza jinsi mtoto mdogo aliyeogopa sungura alivyoacha kuogopa: sungura aliletwa karibu kidogo kidogo wakati mtoto akila chakula anachokipenda. Kazi yetu imesimama juu ya mambo hayo mawili, yaani mpangilio na umbali.

Mpangilio ndio unaokosewa sana. Mtu huonyesha dagaa, mbwa anakuja, kisha mtu anamkamata. Baada ya mara tatu mbwa anajifunza kwamba dagaa ni mtego, na humwona mwenye dagaa kama anavyomwona mwenye kamba. Lazima tendo la kuguswa litangulie na chakula kifuate. Keti ubavuni mwa mbwa, usimkabili uso kwa uso wala usimwinamie kwa juu. Nyosha mkono kidogo kuelekea begani kwake, uishie mbali kabla hajaonyesha dalili yoyote ya shaka, sema neno moja fupi, mimi husema "Safi", urudishe mkono, kisha mpe chakula. Neno hilo linamweleza ni kitendo gani kilicholipwa. Rudia mara tano, kisha ondoka.

Umbali upunguzwe kwa kiasi ambacho mtazamaji wa nje asingekigundua. Mkono uliokuwa hatua moja kutoka begani unakuja nusu hatua, halafu shubiri, halafu unagusa manyoya, halafu unatulia juu ya bega kwa kuhesabu moja. Bega na ubavu huanza, shingo hufuata, halafu mgongo. Masikio, miguu, mkia na mdomo huwa vya mwisho. Dalili kwamba hatua imeiva ni pale mbwa anapouona mkono ukija na kukutazama usoni akitarajia chakula, mkia ukiwa umelegea. Kabla ya kuiona dalili hiyo usisonge mbele. Kwa mtoto wa mbwa hatua hii huweza kuchukua siku chache. Kwa mbwa mzima aliyekulia kwenye mnyororo huweza kuchukua wiki nyingi, na Simba alinidai mwezi mzima kwa sikio la kushoto peke yake.

Hatua ya pili: kigoda cha kukubali

Hapa ndipo mbwa anapopewa sauti. Tafuta kigoda cha chini, kimo chake kilingane na kifua cha mbwa akiwa amekaa, na ukifunike kwa taulo au khanga kuukuu iliyokunjwa. Kigoda hicho kisitumike kwa shughuli nyingine yoyote, wala kisiachwe uani baada ya mafunzo.

Weka chakula upande wa mbali wa kigoda ili mbwa, katika kukifuata, apitishe kidevu juu yake. Kidevu kikigusa kitambaa, sema "Safi" na umpe chakula hapohapo juu ya kigoda. Baada ya siku mbili tatu wengi huanza kuweka kidevu wenyewe na kusubiri. Sasa chelewesha neno lako: hesabu moja, kisha mbili, kisha tatu, hadi aweze kutulia kwa kuhesabu kumi. Usimkandamize kichwa hata kwa kidole kimoja, kwa sababu kidevu kilichokandamizwa hakisemi chochote.

Akishajua kutulia, weka kanuni ambayo hutaivunja: kidevu kikiwa juu ya kigoda, mkono wako unafanya kazi, kidevu kikiinuka, mkono unasimama papo hapo, hata kama umebakiza unywele mmoja kulimaliza jambo lenyewe. Kisha subiri bila kumwita wala kumkaripia. Mbwa mwenye woga ataijaribu kanuni hii mara nyingi siku za mwanzo. Atainua kidevu, atakutazama, ataona kwamba kweli umeacha, na baada ya muda atakirudisha. Nimeona mbwa ambaye majirani walimwita mkali kupindukia akirudisha kidevu chake kwa hiari mara 11 katika jioni moja, na bwana wake, mzee wa Kibosho asiye mwepesi wa maneno, akabaki akitikisa kichwa. Mbwa anayejua kwamba anaweza kusimamisha jambo hana haja ya kupigana nalo.

Makosa mawili hubomoa kanuni hii. La kwanza ni kuendelea "mara moja tu" baada ya kidevu kuinuka. La pili ni kumtega mbwa kwa kigoda siku ya sindano wakati hajafikia hatua hiyo. Kama jambo la dharura ni lazima lifanyike na mbwa hayuko tayari, lifanye kwingine, bila kigoda, ili kigoda kibaki kuwa mahali pasipo na udanganyifu.

Kazi moja moja

Kupe ndio huduma ya kila wiki katika maeneo yetu, hasa kwa mbwa wanaolala karibu na zizi, na kuwaondoa si suala la usafi tu, kwani huambukiza magonjwa ya damu yanayoua mbwa. Mbwa akiwa kwenye kigoda, anza kwa kulikunja sikio na kuliachia, kisha kulipa. Halafu lete kibano kikionekana tu mkononi; halafu kiguse sikio kwa upande wake butu; halafu kibane unywele mmoja. Ni baada ya hayo ndipo unapomshika kupe karibu kabisa na ngozi na kumvuta moja kwa moja bila kumzungusha. Kupe mmoja, vipande viwili vya maini, kisha pumzika. Usimpake kupe mafuta ya taa, maana yanamchoma mbwa ngozi na kuharibu kazi yako yote, na usimpasue kupe kwa vidole.

Dawa ya kuogeshea ina ugumu wake, kwa kuwa inaunganisha maji, harufu na kushikiliwa. Igawe. Siku kadhaa mbwa apanguswe mgongo kwa kitambaa kikavu, kisha chenye maji ya vuguvugu, kisha ale chakula chake ndani ya beseni kavu, kisha amwagiwe maji kwa kikombe kuanzia miguuni. Harufu ije mwisho, kwa kumwekea kitambaa chenye dawa kidogo sana mbali naye wakati anakula. Arusha katika miezi ya Juni hadi Agosti baridi ni kali, kwa hiyo mwogeshe mchana jua likiwa juu. Fuata maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya mbwa, kwa sababu kipimo cha ng'ombe si kipimo cha mbwa, na dawa nyingine za ng'ombe humdhuru.

Kuhusu kucha, mbwa anayezunguka usiku kwenye changarawe huzipunguza mwenyewe, isipokuwa ile ya ndani ya mguu isiyogusa ardhi. Hiyo ikaguliwe kila mwezi. Mzoeshe kushikwa mguu, kisha kidole, kisha mlio wa mkasi ukikata kijiti cha kiberiti kando yake, kabla ya kukata ncha ndogo ya kucha moja kwa siku. Ndani ya kucha umo mshipa wa damu, na kwa mbwa mwenye kucha nyeusi hauonekani, kwa hiyo kata kidogo sana. Damu ikitoka, gandamiza unga wa ngano kwa dakika chache.

Kipimajoto na vidonge havihitaji maelezo marefu. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38.3 na 39.2, na hupimwa nyuma. Mzoeshe kuinuliwa mkia kwa utaratibu uleule. Kidonge cha minyoo kifiche katika kipande cha nyama cha pili kati ya vitatu, na cha tatu kionekane mapema ili ameze haraka.

Sindano ndiyo kiini cha mwongozo huu. Nunua bomba la sindano lisilo na sindano kwenye duka la dawa. Siku za mwanzo libaki chini kando ya kigoda kama kitu kisicho na maana. Kisha lishike. Kisha bana ngozi ya begani kwa vidole viwili, kwanza kwa upole, baadaye kwa nguvu kidogo, kwa sababu mchanjaji atafanya hivyohivyo. Kisha pangusa mahali hapo kwa pamba yenye spiriti. Wengi husahau harufu hii, kumbe kwa mbwa wengi ndiyo tangazo la maumivu. Kisha bana ngozi, gusa kwa bomba, sema "Safi", lipa. Mwisho tumia kifuniko cha kalamu kugandamiza ngozi hadi ahisi mchomo mdogo butu. Baada ya hapo mwombe rafiki afanye hayo yote mbele yako, kisha jirani, kisha mtu aliyevaa koti na buti. Mbwa hajui kwamba somo alilojifunza kwako linamhusu mgeni, mpaka aonyeshwe.

Kifunika mdomo

Mbwa yeyote anaweza kuuma akipata maumivu makali, hata aliye mpole, na ndiyo sababu kila mbwa anapaswa kukijua kifunika mdomo kabla hajakihitaji. Chagua chenye umbo la kikapu, ambacho kinamruhusu kufungua mdomo na kuhema. Mbwa hujipoza kwa kuhema, na kamba iliyofungwa mdomoni kwenye jua la Moshi inaweza kumletea madhara upesi. Kishike kikapu kama bakuli, weka dagaa ndani, na umwache aingize pua mwenyewe na kuitoa apendavyo. Mkanda usifungwe mpaka awe anaingiza pua kwa furaha kikiwa kitupu na kusubiri kulipwa. Kumvalisha kwa nguvu mara moja tu kunatosha kumfanya akikatae mwaka mzima.

Radi, fataki na wageni wa Desemba

Woga wa sauti hufanyiwa kazi kabla ya msimu wake. Masika huanza Machi, kwa hiyo Januari na Februari ni wakati wa kumchezea ngurumo za radi kutoka kwenye simu, kwa sauti ndogo kiasi kwamba anageuza sikio moja tu, kila ngurumo ikifuatwa na nyama. Sauti ipandishwe kwa siku nyingi. Usiku wa mvua yenyewe, au wa fataki za kuukaribisha Mwaka Mpya, usimwache kwenye mnyororo: anaweza kujinyonga akiruka ukuta, au kujikata shingo. Mpe pa kujificha penye giza, stoo au jikoni, na ukiweza kaa naye. Kumbembeleza mbwa mwenye hofu hakumwongezei hofu, licha ya yale tuliyoambiwa na wakubwa wetu.

Desemba vihamba vya Kilimanjaro, yaani mashamba ya ukoo yenye makazi, hujaa ndugu waliotoka mbali, na mbwa aliyezoea watu watano hukuta watu 40, magari, watoto wenye mbio na harufu ya machinjo. Wageni waambiwe mapema wasimnyooshee mkono wala wasimtazame machoni, bali wamrushie kipande cha nyama wanapopita. Wakati wa chakula atengwe kwa heshima, awekewe maji na kivuli.

Siku yenyewe

Ulimwenguni tarehe 28 Septemba ni siku ya kukumbusha watu juu ya kichaa cha mbwa, na kampeni nyingi hufanyika karibu na wakati huo. Mafunzo yaanze angalau miezi miwili kabla. Usimpe mlo mzito asubuhi hiyo. Beba kigoda, kikapu cha mdomo na maini mengi kuliko unavyodhani utahitaji. Fika mapema sana au usubiri foleni iishe, na ukae mbali na mbwa wengine kiasi kwamba wako bado anakubali kula. Akikataa chakula anachokipenda, umbali hautoshi.

Mchanjaji akifika na kusema, "Shikamoo mzee, mbwa wako anauma?" mjibu bila kuficha: "Marahaba, kijana wangu. Anaogopa, ila amefundishwa. Naomba uje kwa ubavu, usimwinamie, na unipe dakika mbili." Sijawahi kukataliwa ombi hilo, kwa sababu mchanjaji naye anataka kurudi nyumbani na vidole vyake vyote. Mvalishe kikapu, weka kigoda, subiri kidevu. Bana ngozi mwenyewe kama ulivyozoea, mchanjaji achome, sema "Safi", umlipe mfululizo kupitia matundu ya kikapu wakati unamwondoa pale.

Kama hakuweka kidevu, usimburute hadi kwenye kigoda. Kinga ya kichaa haisubiri mafunzo, hivyo mfunike kichwa kwa shuka, mshike kwa uthabiti na kwa muda mfupi kando ya mahali hapo, achanjwe, kisha umkalishe kivulini mpaka pumzi itulie.

Kadi ya chanjo ihifadhiwe pamoja na vyeti vya nyumba. Kesho yake jioni kiweke kigoda mahali pake pa kawaida, bila bomba, bila pamba, bila kibano, ukae ubavuni mwake na usubiri. Akiweka kidevu, mpe maini yaliyosalia na umwache aende zake akalinde.